Mwacheni wa zamu ya usiku apige kengele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba wafanyakazi wa hoteli siku hizi wanajua kutabasamu tu, na likitokea la kutokea wanabaki wameduwaa. Nimeisoma barua ile mara tatu. Mwenzangu ana uchungu na ninauelewa, kwa sababu yaliyomkuta nami yamenikuta. Ila lawama ameitua kwenye bega lisilo lake. Nikinyamaza nitakuwa nimewatupa watu wawili, mmoja ananidai shukrani na mwingine ananidai utetezi.

Kazi yangu ni ukalimani wa mikutano. Huu ni mwaka wa 22 nakaa kwenye kibanda cha vioo na vipokea sauti masikioni, na kwa kuwa mikutano huhama, nami nahama nayo. Vyumba vya hoteli nilivyolala sina hesabu yake. Mwaka jana nilisafiri na mama yangu. Ana miaka 79, nyonga yake ya kulia imewekewa chuma, na anatembelea fimbo. Alikuwa hajawahi kunisikia nikifanya kazi na akaniambia anataka kunisikia kabla hajachelewa. Nikamchukua.

Tulipewa chumba ghorofa ya sita. Dada wa mapokezi alitupokea vizuri, akamwita mama "bibi", akambebea mkoba mpaka kwenye lifti. Hakuna aliyeuliza kama bibi mwenye fimbo ataweza kushuka ngazi lifti ikizimwa, na mimi mwenyewe sikuuliza. Tulifurahia dirisha kubwa na mandhari yake tukalala.

Saa 8:40 usiku mama alinigusa bega. Alikuwa ameshakaa kitandani na viatu vyake kavaa. Akaniambia, "Mwanangu, kuna nguo inaungua." Nikamwambia labda ni harufu ya kiyoyozi. Akasema, "Nimepiga pasi miaka hamsini. Hiyo ni nguo." Nikavuta pumzi, na kweli, ilikuwa harufu ile ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, kavu, inayokwaruza koo. Kengele ilikuwa kimya na korido imetulia.

Nikapiga simu mapokezi. Iliita mara nyingi, kisha ikapokelewa na sauti ya binti anayehema. Akasema, "Samahani mgeni wetu, tunafuatilia. Tafadhali endelea kupumzika." Nakumbuka neno kwa neno kwa sababu kukumbuka maneno ya watu ndiyo kazi yangu. Simu hiyo niliipiga kwa simu yangu ya mkononi, hivyo saa yake ipo hadi leo: 8:41.

Basi nikatii. Nasema hili kwa uzito, Mhariri, kwa sababu wengi wanaosoma hapa watadhani wao wasingetii. Mtu mwenye sare akikuambia pumzika, nawe uko na nguo za kulalia katika jengo usilolijua, unapumzika. Nilikaa kitandani karibu na mama nikimshika mkono. Baadaye nikawasha taa nikaenda kuangalia ile karatasi ya nyuma ya mlango inayoonyesha njia ya kutokea. Ilikuwa imepauka ikawa ya manjano, pembe moja imebandikwa kwa gundi ya utepe, na ile nukta nyekundu ya "Upo hapa" ilikuwa imefifia kabisa. Nikabaki nimesimama mbele ya ramani isiyojua mimi niko wapi.

Nilipofungua mlango korido ilikuwa na ukungu mwembamba chini ya taa za dari. Mwisho wa korido niliuona mlango wa ngazi uko wazi, umewekewa kabari ya boksi lililokunjwa. Moshi ulikuwa ukiingia hapo taratibu kama mtu aliyekaribishwa.

Hapo ndipo nikasikia vishindo. Kijana alikuwa anapanda zile ngazi mbio, taulo lililolowa limemzunguka shingoni, na mkononi ana henga la mbao. Aligonga kila mlango kwa lile henga, mapigo matatu mazito, akipaza sauti: "Moto! Tokeni sasa hivi! Ngazi za kushoto, siyo hizi! Acheni mizigo!" Alipita kwenye ile kabari akaipiga teke, mlango ukajifunga nyuma yake. Kila chumba kilichotoa watu alitundika taulo dogo jeupe kwenye kitasa. Sikuelewa maana yake wakati ule. Alikuwa anajiwekea alama asirudie mlango uliokwisha kufunguka, na atakayemfuata naye ajue.

Alipomwona mama hakuuliza anatoka wapi wala ana ugonjwa gani. Aliingia chumbani, akatoa kiti cha meza, akamkalisha, akamwita baba mmoja wa chumba cha jirani ashike miguu ya mbele. "Bibi, nishike shingo, tazama juu, usitazame chini." Ghorofa sita. Nilitangulia nyuma-nyuma nikiwamulikia kwa tochi ya simu. Mama alikuwa anahesabu vidato kwa sauti, na alipopoteza hesabu kijana alimkumbusha. Nilipotazama simu baada ya kufika nje na kupiga hesabu za kurudi nyuma, yule kijana aligonga mlango wetu si mapema zaidi ya saa 8:52.

Dakika kumi na moja. Moto ulikuwa kwenye chumba cha kufulia nguo, kwenye mashine ya kukaushia, ambako nyuzi zinazonyofoka kwenye mashuka na mataulo zilikuwa zimejaa kwenye kichujio na bomba lake. Kijana alikuwa mtu wa dobi. Aliona mwali, akaondoa mwenzake, akafunga mlango wa chumba kile, akampigia dada wa mapokezi simu ya ndani. Dada akamwambia asubiri. Alisubiri kwa muda ambao dhamiri yake iliruhusu, kisha akachukua henga.

Hakuna aliyekufa usiku ule. Watu watatu walipelekwa hospitali kwa ajili ya moshi.

Sasa nije kwa yule dada. Nilimkuta nje, ukingoni mwa maegesho, bado ameshika mkonga wa simu isiyo na waya, na mikono inatetemeka kiasi kwamba nilimchukulia ile simu nikaiweka chini. Nilikuwa na hasira. Nilitaka kumwuliza kwa nini aliniambia nipumzike. Kabla sijafungua mdomo akaanza kusema mwenyewe, na aliyoyasema ndiyo sababu ya barua hii.

Taa nyekundu kwenye sanduku la kengele nyuma ya kaunta iliwaka mapema, kabla mimi sijapiga simu. Sauti yake ilikuwa imezimwa siku kadhaa kwa sababu ilikuwa inalialia. Agizo alilopewa lilikuwa moja: asipige kengele ya jengo zima mpaka meneja aseme. Alimpigia meneja mara nne. Meneja alikuwa kwake amelala. Miezi michache nyuma, mwenzake wa zamu hiyo hiyo alipiga kengele, ikabainika ni mgeni aliyeunguza mkate kwenye mashine. Wageni waliteremka na hasira zao, kadhaa wakadai kurudishiwa fedha, na yule mwenzake akakatwa mshahara na kupewa barua ya onyo. "Niliogopa," akaniambia. "Niliogopa kukosea." Umri wake sidhani kama unazidi miaka 23.

Mhariri, huyu binti hakuduwaa. Kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko changu. Alikuwa amewekwa njia panda na watu ambao hawakuwepo: apige kengele apoteze kazi, au asipige na watu wapoteze maisha, naye aombe Mungu iwe ni mkate tu.

Nami nina sehemu yangu. Miaka kumi hivi iliyopita, katika hoteli nyingine, kengele ililia usiku wa manane kabla ya siku ambayo nilikuwa na kazi ya saa nane mfululizo. Tulisimama nje kwenye baridi nusu saa, ikaonekana ni mvuke wa bafu. Asubuhi yake nilikwenda mapokezi nikatoa maneno makali, na nilipofika nyumbani nikaandika lalamiko refu kwa uongozi. Nilipata punguzo. Nilijiona nimetetea haki yangu. Sikujua kama kuna aliyekatwa mshahara kwa ajili ya barua yangu, na sitajua kamwe, na tangu usiku ule wa mama swali hilo halijanitoka. Sisi wageni tunalalamika kengele ikilia bure, na tunalalamika isipolia. Menejimenti zinasikia lile la kwanza kwa sababu hutokea mara nyingi na linaambatana na madai ya fedha.

Nilipotulia nilianza kusoma habari za moto wa mahoteli, jambo ambalo mtu anayelala hotelini kama mimi angepaswa kulifanya zamani. Tarehe 21 Novemba 1980 hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas iliungua, wakafa watu 85. Moto wenyewe ulikuwa chini, ulianzia kwenye mgahawa. Wengi waliokufa walikuwa ghorofa za juu kabisa, mbali na mwali, wameuawa na moshi uliopanda kupitia ngazi, mashimo ya lifti na njia za hewa. Wageni wengi kwenye mnara ule hawakusikia kengele yoyote. Tarehe 21 Januari 2025 hoteli moja ya watelezaji theluji huko Kartalkaya, Uturuki, iliungua usiku wakati wa likizo za shule. Walikufa watu 78, na walionusurika wakasema vilevile kwamba hawakusikia kengele. Miaka 44 katikati, na wamelala watu, na kengele iko kimya.

Hoteli yetu ilitutumia barua ya kuomba radhi. Ilisema jengo lao limepita ukaguzi wote. Sina sababu ya kubisha. Lakini nimesoma pia habari za hoteli ya Winecoff mjini Atlanta, iliyokuwa ikijitangaza kwamba haiungui. Na ni kweli haikuungua: kuta na nguzo zake zilibaki zimesimama baada ya moto wa tarehe 7 Desemba 1946. Watu 119 ndio waliokufa ndani yake, kwa sababu ngazi ilikuwa moja na moto ulipanda nayo. Mwenye jengo wa kwanza, aliyelijenga na ambaye bado alikuwa akiishi humo, naye alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Kuna kijana mwingine ninayemkumbuka kila nikimfikiria yule wa dobi. Hili halikutokea hotelini, ilikuwa ukumbi mkubwa wa chakula na burudani, Beverly Hills Supper Club, jimbo la Kentucky, Marekani, tarehe 28 Mei 1977. Walter Bailey alikuwa na miaka 18, kazi yake kuondoa vyombo mezani. Moto ulikuwa umeanza chumba kingine, na kwenye ukumbi wa maonyesho watu walikuwa wamejaa wanatazama wachekeshaji. Kijana huyu, ambaye hakuwa na cheo chochote, alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akawaonyesha watu milango na kuwaambia watoke. Watu 165 walikufa. Waliosimama na kutoka kwa sababu ya maneno yake ni mamia.

Muondoa vyombo na mfua nguo ndio hukaa karibu na mahali moto unapoanzia: jikoni, stoo, chumba cha kufulia, nyuma ya ukumbi. Meneja ndiye hukaa mbali kuliko wote. Basi kwa nini kengele awe nayo aliye mbali?

Ndilo ombi langu, Mhariri, nalielekeza kwa wenye hoteli na kwa wanaotoa leseni na nyota za hoteli. Mfanyakazi yeyote, awe wa dobi, mlinzi, mtandika vitanda au mwanagenzi wa wiki ya kwanza, awe na ruhusa iliyoandikwa na kusainiwa ya kupiga kengele na kutoa watu nje bila kumwuliza mtu. Na iandikwe hapohapo kwamba akikosea hataadhibiwa. Sentensi hiyo ya pili ndiyo yenye nguvu. Bila hiyo, ya kwanza ni pambo la ukutani.

Najua inawezekana kwa sababu nimeiona. Miezi mitano baada ya tukio letu nilikuwa kwenye hoteli ndogo, ya vyumba visivyofika arobaini, zulia limechakaa, maji ya moto yanakuja yanapotaka. Asubuhi, wakati wa kiamshakinywa, mzee mmoja aliinuka kwenda kuongeza chai, akaanguka kama gunia. Sote tuliokuwa mezani tulisimama tukatazamana. Mhudumu, mama wa makamo mwenye miwani, aliweka trei chini sakafuni hapo alipo. Akapiga magoti, akamtikisa mzee, akasogeza shavu lake karibu na pua yake, akatazama kifua. Kisha akanyoosha kidole: "Wewe kaka wa shati la bluu, piga simu gari la wagonjwa, ukimaliza rudi uniambie wamesema nini. Wewe, mashine ya kushtua moyo iko ukutani karibu na lifti, ilete." Hakusema "mtu fulani aite msaada." Alimchagua mtu na kumpa kazi. Tayari alikuwa ameweka viganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, anakandamiza na kuhesabu kwa sauti.

Nilikuwa karibu kiasi cha kuona jasho likidondoka kutoka kwenye ncha ya pua yake juu ya shati la mzee. Nguvu aliyotumia ilinitisha. Nilidhani anamvunja mbavu. Baadaye nilijifunza kwamba kwa mtu mzima kifua kinatakiwa kubonyea sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kwamba moyo uliosimama bila kukandamizwa wala kushtuliwa hupoteza asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya kupona kila dakika inayopita. Alipochoka, kijana wa jikoni alichukua nafasi yake bila kuitwa. Mwingine alikuwa ameshatoka getini kulisubiri gari lisipotee njia. Mwingine alikuwa ameizuia lifti mlango wake ubaki wazi. Mwingine alimshika mke wa mzee, akamkalisha pale ambapo angeweza kumwona mumewe, akambakia. Mashine ilipofika ikaanza kutoa maelekezo kwa sauti, wakabandika vile vibandiko, ikaagiza watu wasimguse, ikashtua. Gari la wagonjwa lilipofika mzee alikuwa anakoroma, na sijawahi kusikia sauti nzuri kama ule mkoromo.

Alinusurika. Mkewe alirudi baada ya siku sita kuchukua mabegi, nami bado nilikuwepo.

Nilimtafuta yule mama mhudumu jioni nikamwuliza alisomea wapi. Akaniambia kila Jumatatu, kabla ya zamu, wanapewa dakika kumi. Meneja huweka mwanasesere wa mazoezi popote, kwenye ngazi, bafuni, siku moja ndani ya lifti, halafu anapita anatazama nani atafanya nini. Nikamwuliza: na je, leo kama ingekuwa mzee amezimia kwa usingizi tu, nawe umeita gari la wagonjwa bure? Akanitazama kama asiyeelewa swali. "Hapa anayeona kwanza ndiye mkubwa mpaka wenye kazi yao wafike," akasema. "Hata akiwa wa kufagia. Meneja mwenyewe ananitii."

Zulia lilikuwa limechakaa, narudia. Hoteli ile haina nyota za kuhesabu. Ile nyingine, yenye dirisha kubwa, ninazo nyota zake kwenye stakabadhi.

Na baada ya moto wetu, ile yenye nyota ilinitumia dodoso. Maswali 18. Mito ilikuwa laini kiasi gani. Wafanyakazi walitabasamu kiasi gani. Kiamshakinywa kilifika haraka kiasi gani. Alama moja hadi tano. Hakukuwa na swali hata moja kuhusu mlango wa ngazi, ramani ya nyuma ya mlango, au kama kuna aliyeniuliza habari za fimbo ya mama. Nilikaa na dodoso lile mezani siku nzima. Wafanyakazi hufundishwa kile wanachopimwa nacho. Tukiwapima kwa tabasamu tutapata tabasamu, hata usiku ambao tulihitaji mtu wa kutupigia kelele.

Yapo mengine madogo ambayo hayana gharama ya kuogopesha. Wakati wa kuandikisha wageni, liulizwe swali moja kwa adabu: kuna anayehitaji msaada kushuka ngazi, au asiyesikia kengele? Wenye jibu la ndiyo walazwe ghorofa za chini, na orodha yao iwe kaunta kila usiku. Vipo pia viti maalumu vya kushushia watu kwenye ngazi, mtu mmoja aliyefundishwa anaweza kumshusha mgonjwa. Na orodha ya wageni wote ichapwe kwenye karatasi kila jioni. Usiku ule tulipokuwa nje hakuna aliyejua nani katoka na nani hajatoka. Bwana mmoja alikuwa analia kwamba mwenzake yumo ndani. Askari wawili wa zimamoto wakarudi kwenye moshi kumtafuta. Mwenzake alikuwa amelala kwenye gari lake, maegeshoni, tangu saa tano usiku, kwa sababu walikuwa wamegombana.

Na simu za vyumbani zitumike kwa kazi yake. Katika shambulio la Mumbai la Novemba 2008, waendesha simu wa hoteli ya Taj Mahal Palace walirudi kwenye mitambo yao na kuwapigia wageni chumba kwa chumba, wakiwaambia wafunge milango na wazime taa. Wafanyakazi kadhaa wa hoteli ile walikufa wakiwatoa wageni. Kila nikiwakumbuka waendesha simu wale naisikia ile sauti iliyoniambia niendelee kupumzika, na simlaumu binti. Waya ni uleule. Tofauti ni ruhusa aliyopewa aliyeko upande wa pili.

Kuhusu yule kijana wa dobi. Nilirudi kumshukuru baada ya siku mbili, nikaambiwa ameitwa ofisini kueleza kwa nini aliacha kituo chake cha kazi. Niliandika barua kwa mwenye hoteli usiku uleule, kurasa tatu, nikaambatisha saa za simu yangu. Mama naye aliandika ya kwake kwa mkono. Tulijibiwa kwamba suala la wafanyakazi ni la ndani. Mpaka leo sijui kama yuko kazini. Kama anasoma gazeti hili: kijana wangu, bibi wa ghorofa ya sita anakuombea kila siku, na fimbo yake ile aliyoiacha chumbani haikupatikana, lakini amenunua nyingine na anatembea.

Mwezi uliopita tulisafiri tena. Mimi sasa huwa natembea korido nikihesabu milango kwa mkono kutoka chumbani hadi kwenye ngazi, kwa sababu kwenye moshi macho hayafanyi kazi, na viatu na tochi hukaa chini ya kitanda upande wangu. Lakini safari hii mama ndiye aliyetangulia kaunta. Aliegemea fimbo yake, akamwuliza kijana wa zamu ya usiku: "Mjukuu wangu, ukiona moshi usiku, utampigia nani simu kwanza?"

Kijana akageuka akamwonyesha kitufe chekundu ukutani nyuma yake. "Simpigii mtu, bibi. Napiga hiki kwanza."

Mama akaniambia nijaze fomu.

Mkalimani, msomaji wenu